Neno 'port': Bandari, mlango na mzigo katika historia ya Kisumu

NENO 'port' la Kiingereza lina herufi nne tu, lakini limewatatiza wanafunzi, wafasiri na hata wanahabari wa Kiswahili kuliko maneno mengi marefu ya lugha hiyo.

Aghalabu mtu akiliona hulitafsiri papo hapo kuwa 'bandari', kisha akaendelea na shughuli zake. Kwa mkazi wa Kisumu tafsiri hiyo yaelekea kutosha kabisa, maana bandari anaijua: ipo pale chini ya mji, reli inapoishia na maji ya Ziwa Victoria yanapoanza.

Hata hivyo, neno hilo hilo ndilo linalotumiwa kumaanisha ubavu wa kushoto wa meli, aina ya divai tamu, tundu la kuchomekea waya kwenye kompyuta, na dirisha dogo la chombo cha majini. Aidha, limejificha ndani ya maneno mengine chungu nzima ambayo Waswahili tumeyazoea, kama vile pasipoti, ripoti na spoti.

Makala haya yananuia kueleza maana hizo zilitoka wapi. Yatatumia ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya kama mfano, kwa sababu takriban maana zote kuu za neno hilo zimewahi kupita hapa.

Mizizi mitatu

Asili ya 'port' ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Katika lugha hiyo mlikuwa na maneno matatu yaliyokaribiana sana kwa umbo.

La kwanza ni 'portus', lililomaanisha bandari. La pili ni 'porta', yaani mlango au lango la mji. La tatu ni kitenzi 'portare', ambacho maana yake ni kubeba au kuchukua kitu kutoka mahali hadi pengine.

Wataalamu wa historia ya lugha wanakubaliana kwamba maneno hayo yote ni ndugu. Yalichipuka kutoka kwa shina moja la kale zaidi, lenye maana ya kupita au kuvuka. Bandari ni mahali pa kupitia kuingia nchi kavu. Mlango ni mahali pa kupitia ukuta. Na kubeba ni kupitisha kitu.

Shina hilo hilo lilizaa maneno mengine kupitia lugha za Kijerumani za kale. Miongoni mwayo ni 'ford', yaani kivuko cha miguu mtoni, na 'ferry', ambalo Waswahili wengi siku hizi huliita feri. Kwa hivyo abiria anayevuka kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita kwa feri anasafiri ndani ya binamu wa neno 'port', japo hajui.

Kiingereza kiliyapokea maneno hayo kwa vipindi tofauti. Maana ya bandari iliingia mapema, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066. Maana za mlango na kubeba zilikuja baadaye kupitia Kifaransa. Kwa kuwa matamshi yalifanana, maneno matatu yakawa kama neno moja, na hapo ndipo utata ulipoanza.

Port Florence

Neno hilo lilifika katika Ghuba ya Winam pamoja na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na baada ya takriban kilomita 940 ukafika ziwani Desemba 1901.

Wakati huo eneo la Kisumu lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Lilihamishiwa upande wa Kenya, uliojulikana kama Himaya ya Afrika Mashariki, mwaka 1902. Kwa hivyo, reli iliyoitwa ya Uganda ilikuwa imefika Uganda kweli.

Kituo cha mwisho kilipewa jina Port Florence. Simulizi inayojulikana zaidi yasema kwamba Florence alikuwa mkewe Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli, na kwamba ndiye aliyepewa heshima ya kukaza kifungo cha mwisho.

Jina hilo halikudumu. Baada ya muda mfupi mji ulirudia jina ambalo wenyeji walikuwa wakilitumia. Kwa Wajaluo, 'kisuma' ni kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali, hasa wakati wa njaa. Na Kisumo palikuwa mahali pa kufanyia shughuli hiyo.

Hapa pana jambo la kutafakari. Mgeni alileta neno lenye maana ya mahali ambapo bidhaa huingia na kutoka. Mwenyeji tayari alikuwa na jina lenye maana iyo hiyo, isipokuwa yeye hakutaja meli. Alitaja nafaka, njaa na maafikiano ya watu wawili wanaopeana kila mmoja alichokosa mwenziwe. Jina la mgeni lilibaki kwenye ramani za zamani na kwenye mabango machache ya mjini. La mwenyeji ndilo lililosalia.

Port Victoria na Port Bell

Si Kisumu pekee iliyobandikwa neno hilo. Katika eneo la Bunyala, Kaunti ya Busia, karibu na mahali Mto Nzoia unapomwaga maji yake ziwani, kuna mji mdogo uitwao Port Victoria.

Katika mipango ya awali, huko ndiko reli ilikokusudiwa kuishia. Baadaye wahandisi walichagua njia fupi zaidi iliyoelekea kwenye ghuba ya Kisumu. Port Victoria ikabaki na jina la bandari kuu bila reli iliyotarajiwa. Leo ni kituo cha wavuvi na soko la samaki.

Ng'ambo ya ziwa, karibu na Kampala, ipo Port Bell. Hiyo ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Waingereza nchini Uganda kuanzia mwaka 1906. Kwa miongo mingi meli zilizong'oa nanga Kisumu zilitia nanga huko.

Hata pwani ya Kenya ina majina ya aina hii. Port Reitz na Port Tudor, ambayo ni majina ya hori za Mombasa, yalitokana na mabaharia wa Kiingereza. Ajabu ni kwamba Mombasa yenyewe, iliyokuwa bandari karne nyingi kabla ya Mwingereza kufika, haikuwahi kuhitaji neno 'port' mbele ya jina lake.

Meli iliyobebwa begani

Tumesema kwamba mzizi wa tatu ni 'portare', kubeba. Kutokana nao, Kiingereza kilipata neno 'porter', yaani mpagazi au hamali.

Katika historia ya Kisumu, mpagazi alitangulia bandari. Meli ya kwanza ya mvuke ya Waingereza katika ziwa hili, William Mackinnon, iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi Mombasa. Kwa kuwa reli ilikuwa haijakamilika, vipande vingi vilibebwa na wapagazi kwa miguu. Viliunganishwa Kisumu, na meli ikaelea mwaka 1900, kabla ya garimoshi kufika.

Meli nyingine mbili, Winifred na Sybil, zilifuata mwaka 1902 na 1903. Hizo zilifaidika na reli, na ziliunganishwa papa hapa Kisumu.

Wapagazi hao hawakuandikwa majina kwenye ubavu wa meli yoyote. Walakini, ukilichunguza neno la Kiingereza kwa makini utaona kwamba kazi yao imo ndani yake: hapana bandari pasipo mbebaji.

Kitenzi hicho cha kubeba kimezaa ukoo mkubwa. 'Import' ni kubeba kuingiza ndani. 'Export' ni kubeba kutoa nje. 'Transport' ni kubeba kuvusha. 'Support' ni kubeba kutoka chini, ndiposa ikamaanisha kuunga mkono. 'Report' ni kurudisha, yaani kuleta habari ulikotumwa. 'Important' ni jambo linalobeba uzito.

Neno 'portfolio' nalo lilitoka Italia, likimaanisha mkoba wa kubebea karatasi. Mkoba wa waziri ulikuwa na nyaraka za wizara yake, na hivyo Waingereza huzungumza juu ya waziri asiye na mkoba, wakimaanisha asiye na wizara maalumu.

Hata 'sport' imo humu. Ilitokana na neno la Kifaransa lililomaanisha kujiondoa kwenye kazi, yaani kujibeba na kwenda kujiburudisha.

Mlango

Mzizi wa pili, 'porta', ulileta maana za mlango. Dirisha la mviringo kwenye meli huitwa 'porthole' kwa sababu hapo kale matundu ya ubavuni yalikuwa milango midogo ya kutolea mizinga.

Inafaa kuonya hapa kwamba Kiingereza kina 'porter' wawili. Mmoja ni mbebaji, aliyetajwa hapo juu. Wa pili ni bawabu, mtu anayelinda mlango wa hoteli au chuo. Maneno hayo yanaandikwa na kutamkwa sawasawa, ilhali mmoja alitoka kwa kubeba na mwingine kwa mlango. Mfasiri asiyelijua hili anaweza kumpa bawabu mizigo ya watu.

Pasipoti nayo ilitoka kwa maneno mawili ya Kifaransa: kupita, na 'port'. Ilikuwa hati ya kumruhusu mtu apite bandarini, au, kwa mujibu wa baadhi ya wataalamu, kwenye lango la mji. Maana zote mbili zaafiki.

Kompyuta imeirithi maana ya mlango. Tundu la kuchomekea waya wa chapa au simu huitwa 'port'. Kadhalika, kuna milango isiyoonekana, yenye nambari kutoka 0 hadi 65535, ambayo mashine hutumia kupokea na kutuma habari kwenye intaneti. Kurasa za kawaida za mtandao hupitia mlango nambari 80, na zile zenye usalama zaidi nambari 443.

Ukisoma kwamba mlinzi wa mitambo amefunga 'port' fulani, usidhani kwamba meli zimezuiwa. Ni mlango wa habari uliofungwa.

Ubavu wa kushoto

Maana inayowashangaza wengi ni ile ya kushoto. Kwa nini upande wa kushoto wa meli uitwe bandari?

Zamani, vyombo vya Ulaya ya kaskazini viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa upande wa kulia, karibu na tezi. Kwa sababu hiyo upande wa kulia ukaitwa 'starboard', yaani ubao wa kuongozea. Ili kasia hilo lisipondwe na gati, chombo kilielekezwa gatini kwa ubavu wa kushoto. Huo ndio uliokuwa upande wa bandari.

Awali upande huo uliitwa 'larboard'. Majina hayo mawili yalikaribiana mno kwa sauti, na katika dhoruba baharia angeweza kusikia kulia badala ya kushoto. Mwaka 1844 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliagiza kwamba 'port' ndilo litumike.

Tangu hapo neno hilo limeenea katika vyombo vya majini na angani ulimwenguni kote. Usiku, taa ya ubavu wa kushoto ni nyekundu na ya kulia ni ya kijani. Nahodha anayekutana na chombo kingine gizani hujua kwa rangi hizo mwenziwe anaelekea wapi.

Hili si jambo la kupuuzwa na wanaotafsiri maagizo ya usalama. Abiria wa feri akiambiwa aelekee bandarini, ilhali alitakiwa kuenda upande wa kushoto kulikowekwa maboya, kosa hilo halitakuwa la sarufi tena.

Divai, bia na simiti

Mji wa Porto, kaskazini mwa Ureno, ulipata jina lake kutokana na bandari. Kutoka huko Waingereza waliagiza divai iliyotiwa pombe kali ili isiharibike safarini, wakaiita 'port'. Nchi nzima ya Ureno hujulikana kwa Kiingereza kama Portugal, kutokana na Portus Cale, jina la Kirumi la bandari iliyokuwa katika eneo hilo. Waswahili hawakufuata njia hiyo. Waliwaita wageni hao Wareno, kutokana na neno la wenyewe la ufalme.

Bia nyeusi iitwayo 'porter' ilipata jina lake kwa mahamali wa London wa karne ya 18, waliokuwa wakiipenda. Nchini Uganda mambo yalikwenda kama Ureno: bia ya Bell iliitwa hivyo kutokana na Port Bell, kilipo kiwanda chake.

Hata mfuko wa simiti una neno hili. Portland ni mahali huko Uingereza palipotajwa kwa bandari yake na kusifika kwa mawe ya kujengea. Joseph Aspdin alipopata hataza ya simiti yake mwaka 1824, aliiita Portland kwa kuwa ilifanana na mawe hayo ikikauka.

Bandari ya angani

Ndege zilipoanza kusafirisha abiria, Waingereza waliunda neno 'airport', yaani bandari ya angani. Kiswahili kilichagua kusema uwanja au kiwanja cha ndege, labda kwa sababu kilichoonekana ni ardhi iliyosawazishwa.

Mjini Kisumu, neno la Kiingereza lilikuwa kweli tupu. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu, na kwenye sehemu ya ziwa ilitumia ndege zilizotua majini. Abiria walishuka kutoka angani wakakanyaga gati kama waliotoka melini. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, uwanja wa nchi kavu wa Kisumu ulizinduliwa upya baada ya kupanuliwa kupokea ndege kubwa zaidi.

Kiswahili kilichukua nini?

Ukiangalia kamusi utagundua jambo moja. Kiswahili kimemeza vipande vya 'port' vilivyomo ndani ya maneno mengine: pasipoti, ripoti, ripota, sapoti, spoti. Lakini neno lenyewe, kwa maana ya bandari, hakikulihitaji.

Sababu ni wazi. Mswahili ni mtu wa majini tangu jadi. Alikwisha kuwa na 'bandari', kutoka Kiajemi. 'Forodha', kutoka neno la Kiarabu lililomaanisha mahali pa kushukia meli kabla halijahusishwa na ushuru. 'Gati', lenye asili ya Bara Hindi. Na 'diko', mahali pa kupweleza mashua. Upande wa Tanzania, wavuvi wa ziwa hili husema 'mwalo', wingi 'mialo', kwa mahali pa kupakulia samaki. Yafaa wanahabari wa Kisumu walitumie neno hilo badala ya kuandika 'bichi' kila mara.

Mlango ulioziba

Mnamo 1931 reli ya kupitia Eldoret ilifika Kampala, na baadhi ya mizigo ikaacha kupitia Kisumu. Katika miaka ya 1960 meli ya MV Uhuru, yenye uwezo wa kubeba mabehewa ya reli, iliirudishia bandari uhai. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kulileta pigo jingine.

Kisha kukaja magugu-maji. Kuanzia miaka ya 1990 mmea huo ulitanda katika Ghuba ya Winam, ukakwamisha meli na mitumbwi. Kwa zaidi ya mwongo mmoja MV Uhuru ilikaa bila kazi. Kibao cha bandari kilikuwepo, gati lilikuwepo. Kilichokosekana ni kupita, ambako ndiko maana ya asili ya neno lenyewe.

Meli hiyo ilirejea kazini mwaka 2019, ikapeleka mafuta Uganda. Gati la mafuta la Kenya Pipeline lilikuwa limekamilika mwaka 2018. Meli nyingine, MV Uhuru II, iliundwa papo hapo Kisumu na Kenya Shipyards Limited.

Ushauri kwa wafasiri

Kabla ya kuandika 'bandari', msomaji na ajiulize maswali matatu. Je, kinachozungumziwa ni mahali vyombo vinapotia nanga? Basi ni bandari, gati au mwalo, kulingana na ukubwa. Je, ni kitu kinachopitisha kitu kingine? Basi ni mlango, tundu au lango. Je, ni mwelekeo ndani ya chombo? Basi ni kushoto.

Lipo neno moja la mwisho katika ukoo huu: 'opportunity', yaani fursa. Warumi waliuita upepo unaovuma kuelekea bandarini kwa neno lililozaa hilo. Fursa, kwao, ilikuwa upepo wa kukufikisha.

Wavuvi wa ufuo huu hawahitaji kufundishwa hilo. Jahazi hungoja upepo. Na mji ulioitwa kwa kubadilishana mali hungoja njia ya majini ibaki wazi.